Shingo ya Orrin na Sanduku la Barua la Jirani

Kila asubuhi Orrin Tveit alivaa soksi akiwa amelala chali, miguu juu, kama mtoto mchanga. Kuinama kulimshinda. Miaka miwili sasa, shingo na bega la kulia vilimuuma.

"Shingo vipi leo?" mkewe, Ardis, aliuliza akimimina kahawa.

"Siyo mbaya sana."

Sisi watu wa Minnesota, huku kaskazini mwa Marekani, ndivyo tunavyojibu. Nyumba yetu ikiungua, tutasema siyo mbaya sana, angalau leo tumeota moto.

Asubuhi hiyo Orrin alirudisha trekta nyuma kuelekea barabarani. Alitaka kugeuka atazame, shingo ikagoma. Basi akakisia. Trekta likaponda sanduku la barua la jirani yake, Lyle, lililokuwa juu ya nguzo kando ya barabara. Lilikuwa sanduku la tatu tangu Krismasi.

Lyle alitoka, akaangalia bati lililolala chini.

"Si kitu, jirani," alisema. "Hata rangi yake sikuipenda."

Lakini Ardis hakuona kuwa si kitu. Lyle husimama pale pale kila siku akichukua barua zake. Ardis alichomoa ufunguo wa trekta, akautia mfukoni mwa aproni.

"Nitakurudishia huu daktari akishakutibu, shingo igeuke."

"Ardis! Mwezi ujao tunapanda mahindi!"

"Basi fanya haraka."

"Nimeshakwenda mara mbili. Hawakuona kitu."

"Safari hii tunakwenda wote."

Orrin aliingiwa na hofu. Tangu akiwa kijana alikuwa hajawahi kukosa msimu wa kupanda.

Kliniki walimkuta Dokta Renae Bakke, mwanamke mchangamfu mwenye mikono yenye nguvu.

"Karibuni. Mzee Orrin, shingo inaendeleaje?"

"Siyo mbaya sana, daktari."

"Kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?"

Orrin alifikiri. "Mbili. Labda."

"Mbili!" Ardis aliruka kitini. "Mwongo mkubwa wewe! Muulize anavaaje soksi! Muulize analala wapi. Kwenye kiti! Tena anajipaka dawa ya viwele vya ng'ombe!"

"Inasaidia?" daktari aliuliza.

"Ng'ombe inawasaidia," Ardis alijibu.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafungua faili.

"Hapa imeandikwa mara mbili: mgonjwa anasema siyo mbaya. Ndiyo maana hatukuchunguza zaidi. Mzee wangu, mimi natafuta ugonjwa kwa maneno yako kwanza, halafu kwa mikono yangu. Ukinificha maneno, nitajuaje? Usiniambie ni nzuri au mbaya. Niambie unashindwa kufanya nini."

Orrin alitazama viatu vyake. Aliona aibu kweli.

"Nashindwa kutazama nyuma," alisema polepole. "Nashindwa kulala. Ni tisa, daktari. Siku nyingine ni tisa."

Ardis alimshika mkono. Hata yeye hakujua kuwa ni tisa.

Daktari akaanza kuuliza. Ilianza lini? Mikono inakufa ganzi? Inaishiwa nguvu, unaangusha vitu? Miguu inayumba? Umepata homa, au umekonda bila sababu? Ukitembea, kifua kinabana? Ilianza miaka miwili iliyopita, Orrin alisema; mengine yote alijibu hapana.

"Vizuri. Dalili hizo mtu akiziona asingoje. Aje haraka."

Alimpima nguvu za mikono. Akamgonga viwiko kwa kinyundo kidogo. Akamminya bega, na Orrin akapiga yowe lililosikika mpaka mapokezi.

"Hiyo siyo mbili," daktari alisema. "Sasa nionyeshe unavyokaa kwenye trekta."

Orrin alikaa kifua mbele, kichwa amekigeuza kuelekea bega la kulia mpaka shingo ilipogoma, kana kwamba nyuma yake kuna mashine ya kupandia.

"Unakaa hivyo kwa muda gani?"

"Kutwa. Miaka arobaini na moja."

"Na kushoto hugeuki?"

"Kushoto kuna nini? Baba yangu aligeukia kulia."

"Anayegeuza kichwa mpaka mgongoni ni bundi, nami sijawahi kumtibu bundi," daktari alisema. "Misuli imechoka na viungo vya shingo vimekakamaa, kwa sababu unageukia upande mmoja tu. Neva zako ni nzima. Picha ya eksirei haihitajiki kwa sasa. Funga vioo viwili vikubwa kwenye trekta. Kila nusu saa simama, shuka, nyoosha mabega. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakufundisha mazoezi ya kila siku. Baada ya wiki nne rudi nikuone. Na ile dawa, waachie ng'ombe."

Orrin alifunga vioo, akafanya mazoezi kila siku, akinung'unika. Ardis alisimama na saa mkononi akihesabu.

Wiki ya nne Orrin alivaa soksi akiwa ameketi. Ardis akampa ufunguo.

Alirudisha trekta nyuma polepole. Alitazama vioo, akageuza kichwa kulia, kikageuka. Lyle alikuwa amelikumbatia sanduku lake jipya, tayari kukimbia nalo. Trekta lilipita mbali.

"Shingo vipi, jirani?" Lyle aliuliza.

"Siyo mba..." Orrin alianza. Akamwona Ardis dirishani. "Inauma. Ni tatu. Ilikuwa tisa."

Lyle aliliweka sanduku chini. Walikuwa majirani miaka thelathini, na hawakuwahi kuambiana jambo kama hilo.

"Goti langu," Lyle alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, "ni nane."

Orrin alizima trekta, akashuka, akaonyesha gari lake uani. "Panda gari. Nakupeleka kliniki."