Namba ya Majaribio

Soko la Kwa Siyoni siku ya Jumamosi halina nafasi ya mtu kusimama akishangaa, lakini Anouar alisimama. Katikati ya wauza vitenge, shati lake jeupe limelowa mgongoni, alikuwa akitanua ukurasa kwenye kioo cha simu kwa vidole viwili, anausogeza kushoto, anautanua tena.

"Mwenye hii site," alilalamika kwa sauti, "anafikiri sisi wote tunatembea na kompyuta kwenye kichwa?"

"Site gani?" aliuliza msichana aliyekuwa akichagua shanga pembeni yake.

"Ya imvutano za kukodisha. Dada yangu anaolewa, mi ndo wamenituma. Ona maandishi, kama sisimizi! Bei sioni, namba sioni. Huyu mutu hapendi wateja."

"Anawapenda sana. Ni mi."

Anouar akainua uso. Aliona dera la zambarau, mtandio wa manjano uliofungwa nyuma ya shingo, na macho yasiyo na dalili ya msamaha.

"Pardon, dada."

"Pardon haitengenezi site."

"Mi ninatengeneza. Wallahi, ndo kazi yangu."

Msichana huyo, Khadidja, binti wa fundi Yahaya wa Buyenzi, alikuwa na duka la kukodisha imvutano, yale mavazi ya heshima ambayo maharusi na wazazi hufunga siku ya mahari. Mwaka juzi, mtu akilitafuta vazi hilo kwenye Google, duka lake lilitokea la kwanza. Sasa lilikuwa la tisa, na msimu wa harusi ulikuwa mlangoni. Msimu huo ndio uliolibeba duka mwaka mzima. Ukipita mtupu, baba yake alikwisha kusema, chumba chake hicho kinapewa muuza simenti.

"Google siku hizi anasoma site yako kama simu inavyoisoma," Anouar alimweleza Jumatatu yake, amekaa kwenye kigoda dukani. "Simu ikiteseka, na ye anakushusha."

"Ananiazibu?"

"Apana. Anapeleka watu kwa yule anasomeka."

Akapunguza uzito wa picha, akayapanga maandishi yashuke mstari mmoja, akakuza bei, na chini kabisa akaweka kitufe cha kijani: Piga simu. Khadidja alipima picha na maandishi kwenye simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka. Kazi ya siku nne ilikula siku kumi na nne, na hakuna aliyeuliza sababu.

"Umefika Musaga?" Khadidja alimpigia jioni moja, Anouar akiwa amerudi kwao.

"Nimefika, mupenzi. Lakini nimesahau kitu kwako."

"Nini?"

"Roho."

"Basi kuja uichukue kesho. Sitaki vitu vya watu kwenye boutique."

Duka likapanda hadi la tano, kisha la pili. Khadidja alifurahi hata akacheza peke yake mbele ya kioo. Ila simu haikulia. Wiki ya kwanza ikaisha, na ya pili pia. Ndipo akaingia Mama Dative wa Kinanira, mwenye binti wa kuoza na hasira za kutosha wawili.

"Nimekupigia mara tatu! Kila mara mwanaume anajibu acha message. Uko na biashara ao unacheza?"

"Kwangu hakuna mwanaume, mama."

Mama Dative akabonyeza kitufe cha kijani na kumsogezea simu sikioni. "Hapa ni Anouar. Simu imezimwa, acha message." Ni sauti ileile iliyomwita mpenzi jana yake, lakini namba iliyo kwenye kioo haijui. Mama Dative alipotoka tu, Khadidja akapiga ile anayoijua.

"We uko na namba ingine?"

"Namba gani, chérie?"

"Ile unanificha! Wateja wangu wote wanaangukia kule. Na nani mwingine anapigia kule? Nani?"

"Yoo! Khadidja, ngoja nikuambie..."

"Apana. Usikanyage hapa."

Akakata. Ukweli ulikuwa wa kipumbavu kabisa: ili kujaribu kitufe bila kumsumbua Khadidja, Anouar aliweka namba ya laini yake ya zamani, akasahau kuibadilisha, na simu yenyewe akaifungia kwenye droo.

Hakukimbilia kununua maua ya kuomba msamaha. Alirekebisha namba kwa dakika mbili, akaichaji ile simu, na ndani akakuta ujumbe wa watu thelathini na mmoja. Akawapigia mmoja mmoja.

Kesho yake duka lilijaa.

"Yule kijana ameniomba pardon hadi karibu alie," alisema mteja wa kwanza.

"Mi nilimtukana," alisema wa pili, "akasema niongeze."

Wa tatu, mama wa Kibenga, alikuwa anafungwa kitambaa begani. "Nikamuuliza, we ni nani kwa huyu dada? Akasema, mi ndo nilimuharibia."

Khadidja akaendelea kufunga, machozi yakimlengalenga. Alimpenda, na sasa aliona haya. Alasiri akampigia Anouar.

"Uko wapi?"

"Ngambo ya barabara. Si ulisema nisikanyage?"

Akatoka. Anouar, shati limepigwa pasi, alimnyooshea ile simu ya zamani. "Angalia yote."

Hakuiangalia. "Siku ingine ukikosea, niambie mwenyewe, kabla sijasikia kwa mama wa bibi harusi."

"Sawa. Basi kuna kosa lingine."

Uso ukambadilika Khadidja. "Lipi?"

"Nimeisha mwambia mama alete posa kwa baba yako. Jumapili. Sikukuuliza kwanza."

Khadidja akajifunga upya mtandio, polepole, amemkazia macho.

"Jumapili haiwezekani," alisema. "Niko na maharusi wanne wa kuvalisha, na hiyo ni kwa sababu yako."

Anouar akainamisha kichwa.

"Mwambie mama aje Jumatatu."