Saba Mbili Saba Kwenye Kadi ya Deqa

"Harusi haiko tena. Nimetumwa nikwambie."

Mako alisema hivyo akiwa mlangoni, hata salamu hakutoa. Deqa alikuwa ameketi uani kwao, mtaa wa Bulla Pesa, mkono wa kulia umefungwa bendeji kuanzia kidole gumba. Zilibaki siku tisa aolewe na Hersi, binamu ya huyu Mako.

"Nani amekutuma?"

"Eedo Asho, shangazi yangu, mamake Hersi. Anasema mtoto wake hataoa mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini? Daktari aliniambia ni mishipa ya kidole imevimba kwa sababu ya kukamua ng'ombe. Nipumzishe mkono wiki sita, basi."

"Hayo ni maneno ya mdomo. Kadi yako niliiona kwa foleni. Sisi wote tuliandikiwa ugonjwa: malaria, kikohozi, minyoo. Wewe peke yako umeandikiwa namba, tena kwa wino mwekundu! Ugonjwa gani huo unafichwa kwa namba? Watu wanasema ni ukoma."

Deqa alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Namba ilikuwepo kweli: 727.0. Na aliyeiandika ni Hersi mwenyewe, karani wa rekodi katika hospitali ndogo nyuma ya soko. Mwaka huo wa 1981 alikuwa ametoka Nairobi kufunzwa kazi mpya ya kugeuza kila ugonjwa kuwa namba. Furaha ya masomo ilimzidi, akaanza na kadi ya mchumba wake. Mkubwa wake alipoiona akamkataza: namba ni za daftari la ofisi, si za kadi. Kwa hivyo kadi ya Deqa ikawa ya kwanza na ya mwisho.

"Na Hersi amesema nini?"

"Hapo ndipo tumejua wewe ni mgonjwa kweli. Eedo amemuuliza mara tatu hiyo namba ni ya nini. Amekataa kusema."

Deqa alivuta mtandio wake kichwani, akatoka karibu kukimbia mpaka dukani kwa Kulmiye, kwenye simu, akapiga hospitalini.

"Rekodi hapa."

"Ni mimi, Deqa. Hersi, mimi nina ukoma?"

"Astaghfirullah! Nani amesema?"

"Mji mzima! Na wewe umenyamaza! Mbona hukumwambia mamako ukweli?"

Hersi alishusha sauti.

"Deqa, niliapa. Siku ya kumaliza masomo tuliinua mikono tukaapa kuwa siri ya mgonjwa haitatoka midomoni mwetu. Hata kwa mama. Nikitoa ya mmoja leo, kesho nitatoa ya nani?"

"Kwa hivyo utaniacha na jina baya?"

"Sijakula tangu jana. Sijui nifanye nini."

Deqa alitaka kumtukana. Lakini hapo hapo, katikati ya hasira, alijikuta anampenda zaidi. Mwanaume anayejua kufunga mdomo katika mji huu! Ndipo wazo likampiga.

"Hersi, hiyo siri ni ya nani?"

"Ya mgonjwa."

"Na mgonjwa ni nani?"

Kulmiye, aliyekuwa akijifanya anapima sukari, aliacha kupima.

"Ni wewe," Hersi alisema polepole. Kisha akapiga kelele mpaka Kulmiye akasikia: "Ni wewe! Walahi ni wewe!"

"Basi mimi mwenyewe nakupa ruhusa. Beba hicho kitabu chako, tukutane kwa mamako. Sasa hivi!"

Kwa Asho walikuta wanawake watano wameketi kwenye mkeka, Mako akiwa katikati yao.

"Salaam aleikum, mama," Deqa alisema.

"Aleikum salaam," Asho alijibu, huku akivuta ukingo wa mkeka mbali naye.

Hersi aliingia akihema, jasho likimtoka, kitabu kinene kifuani. "Hooyo, mama yangu, mwenye siri amesema niseme." Akafungua kurasa kwa pupa. "Saba, mbili, saba, nukta, sufuri. Kuvimba kwa kano za mkono na ala zake. Basi! Ukoma uko huku mwanzoni, sufuri, tatu, sufuri. Kutoka huku mpaka huku ni mbali kama kutoka kwetu mpaka Korbesa!"

"Kitabu cha Kizungu," Asho alisema. "Mimi nitajuaje?"

"Usisome, mama," Deqa alisema. "Fanya alivyonifanyisha daktari. Kunja kidole gumba ndani, funga ngumi juu yake, halafu inamisha ngumi upande wa kidole cha mwisho. Ni hapo mimi ninapoumia."

Asho alifanya kwa madharau.

"Wuuui!" Wanawake wote waliruka. Asho alishika kifundo cha mkono, machozi yakimlenga. "Ni huu! Miaka minne huu mkono unaniuma hivi! Nakamua huku nalia, nikafikiri ni uzee. Waryaa, wewe Hersi, hata mimi nina saba mbili saba?"

"Hiyo atasema daktari, Hooyo. Na akisema, mimi sitamwambia mtu."

Kicheko kilipasuka hata Asho akashindwa kujizuia. Alimvuta Deqa mpaka wakakaa mkeka mmoja.

"Nisamehe, binti yangu. Niliogopa bure."

"Mimi nilisema tu nilichoona," Mako alinong'ona.

"Uliona namba," Deqa alimjibu. "Ukoma uliuongeza mwenyewe."

Mako aliinama, akaanza kuchomoa nyuzi za mkeka.

"Na wewe karani," Deqa alimgeukia Hersi, "mkono wangu unapumzika kwa wiki sita. Ng'ombe za baba atakamua nani?"

Alikamua Hersi. Siku zote zilizobaki kabla ya harusi alifika alfajiri, suruali imekunjwa, wanaume wakimcheka kwa sababu kukamua ng'ombe kwao ni kazi ya wanawake. Alipigwa mateke mawili, akamwaga ndoo moja, na kila asubuhi Deqa alisimama kando akimwelekeza kwa sauti ya juu huku akicheka mpaka akashika mbavu.

Ijumaa ya harusi, mashahidi walipokuja chumbani kumuuliza kama amekubali kuolewa na Hersi, wanawake walimkumbusha anong'one kama bibi harusi mwenye haya.

"Nimekubali!" Deqa alisema kwa nguvu, hata wanaume wa nje wakasikia. Na Hersi, mbele ya shekhe, akaruka kwa furaha kutoka alipoketi.