Inchi za Shangazi, Sentimita za Dukani

Kila nikitoka shule napitia kwa shangazi Aneth, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo. Nafagia vipande vya nyuzi, kisha nafungua kompyuta ya klabu yetu ya programu shuleni na kuandika programu ya kumsaidia hesabu za vipimo.

Mwalimu Kalisa ametufundisha kuipa kila namba aina yake: hii inchi, hii sentimita. Kompaila, kitafsiri cha programu, husoma maagizo yote kabla kompyuta haijatekeleza hata moja, na aina zikichanganywa hukataa. Jamani, ilinichosha! Shangazi hupima kwa inchi, lakini bendi za kushona kwenye kifundo cha mkono huuzwa kwa sentimita. Kila nikipunguza upana wa bendi kwenye urefu wa mkono, kompaila ilitoa maandishi mekundu ya kukataa. Siku moja nikafuta aina zote, zikabaki namba tupu. Kompaila ikanyamaza.

"Imekubali!" nikatangaza bila haya.

Muda huohuo jirani yetu, Bibi Nyirarukundo, akaleta kitenge alichonunuliwa na marehemu mumewe. Alikitunza miaka kumi na miwili. Sasa alitaka gauni la kuvaa Jumamosi kwenye harusi ya mjukuu wake.

"Sina kingine," alisema akikipapasa.

Shangazi akampima, nami nikaingiza namba: mkono inchi ishirini na mbili, upana wa bendi sentimita tano. Programu ikajibu: kata inchi kumi na saba.

"Mbona fupi?" shangazi akashangaa. "Haya, kompyuta imesoma kuliko mimi." Akainua mkasi.

Nikagundua: zile sentimita tano zimepunguzwa kana kwamba ni inchi. Nikisema, nitaaibika mbele ya bibi. Nikinyamaza, kitenge kimekwisha.

"Shangazi, usikate! Kompyuta ilinikataza, nami nikaiziba mdomo!"

Shangazi akaweka mkasi mezani. Bibi akakumbatia kitambaa chake, nami nikalia.

Shangazi alinifuta machozi kwa upande wa kanga yake. "Kaa, Mugeni. Rekebisha. Tunakusubiri."

Nikarudisha aina. Nikaandika kanuni moja inayopokea inchi au sentimita na kuzigeuza kwanza ziwe kipimo kimoja. Kompaila ikakubali, safari hii kwa haki. Jibu: inchi ishirini. Shangazi akahakikisha kwa tepu, ndipo akakata.

Jumamosi bibi alipita kwetu amependeza. Akanyoosha mkono, bendi imekaa sawasawa kwenye kifundo. "Urakoze, asante mwanangu," akaniambia, akanishika shavu.

Shangazi akanivuta karibu. "Anayekukataza kabla hujakata anakupenda, Mugeni. Msikilize. Kitenge kikishakatwa, hata tulie wote watatu, hakirefuki."