Rangi Iliyogoma Kukauka

Rangi iligoma kukauka. Siku tatu jua kali, dirisha la sebuleni wazi, na bado kiboti cha rimoti kilikuwa kinanata kama asali. Brashi, fundi rangi ambaye majirani walimtania kuwa ukisimama karibu naye dakika mbili utaondoka umepakwa, hakuwahi kuona kitu kama hicho. Kiboti alikuwa amemchongea binti yake wa miaka saba. Rangi yenyewe, buluu, ilikuwa masalio ya kivuko alichokipaka miaka mitano nyuma, kile kilichopinduka na abiria wake wote. Robo kopo ilibaki, na Brashi si mtu wa kutupa rangi.

Siku ya nne sebule ikaanza kunuka tope. Adhuhuri, mkewe akikunja nguo, akasikia mota inanguruma mezani.

"Baba, si ulisema hujaweka betri?" mkewe alimnong'oneza Brashi.

"Sijaweka. Hata kwenye rimoti hakuna."

Wakainama kutazama. Ukingoni mwa kiboti, kwenye rangi mbichi, palikuwa na alama za vidole, vikubwa na vidogo, vidole vya watu wanaong'ang'ania wasizame, na wakiwa bado wanatazama, alama nyingine ikajichora taratibu, kisha nyingine, na harufu ya tope ikapanda hadi mkewe akarudi nyuma huku akisoma dua aliyoisahau nusu.

Wakamwita bibi mmoja mganga. Hata kuketi hakuketi.

"Humu mna jini wa maji," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamtoa. Lakini akitoka humfuata aliyepaka, kwa hiyo lazima nimkinge huyo kwanza. Nani alipaka?"

"Mimi."

"Peke yako?"

Brashi akasita. Alipokipaka kiboti mara ya pili alimpa binti brashi, na mtoto akapaka ubavu mzima, ulimi nje kwa bidii. Lakini mama yake alikuwa amekataza asisogezwe kwenye rangi kwa sababu ya kifua chake kibovu, na mama huyo alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni.

"Peke yangu, bibi."

Bibi akamfunga kitambaa cheusi mkononi, akamsomea, akaaga. Alasiri Brashi akakipeleka kiboti bwawani kama bibi alivyomwagiza, jini atokee huko. Kikaenda chenyewe hadi katikati, kikazama. Brashi alifurahi, alifurahi kweli, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Binti alikuwa ameketi mkekani. Brashi akaichukua ile rimoti aivunje, na kidole kikakisukuma kijiti chake cha kuongozea, kushoto. Binti akageuka kushoto.

Akasukuma kulia. Binti akageuka kulia, macho hayapepesi, maji ya tope yakimchuruzika mdomoni.

"Mwanangu," alimbembeleza, "unanitania, sivyo?"

Brashi akaiweka rimoti mezani, akaondoa mikono yote miwili. Kijiti kikasogea chenyewe, mbele. Binti akasimama, akashika njia ya mlangoni, ya kwenda bwawani.

Brashi akamrukia, akamkumbatia kiunoni, akamwinua juu.

"Nilidanganya!" alilia. "Bibi, nilidanganya, tulipaka wawili!"

Aliyesikia ni mkewe tu, aliyetoka jikoni mbio. Miguu ya binti iliendelea kupiga hatua hewani.