Nani Anaua Miche ya Nyanya?

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, na hakuamini kitu asichokipima. Mteja akisema kiuno chake ni inchi thelathini, yeye alitoa utepe akapima mwenyewe. Muuza vitambaa akisema hizi ni mita tatu, yeye alizipima tena mbele ya macho yake. Watu walimcheka, lakini nguo zake hazikumbana mtu.

Aliishi na mumewe, mwashi, mtu mpole wa maneno machache. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Humo mlikuwa na cherehani, meza ya kupigia pasi, na pasi ya mkaa iliyowaka toka asubuhi. Mji wao ulikuwa juu milimani, na baridi ya huko haikuwa na huruma. Lakini ndani ya chumba kile mtu aliweza kuvua sweta.

Nyuma ya ukuta wa ua aliishi dada yake mwashi. Kila mtu alimwita Taratibu, kwa sababu hakuharakisha jambo lolote, hata kupiga chafya. Alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Mwashi mwenyewe ndiye aliyetoboa mlango katika ukuta ule, ili dada yake asizunguke barabarani akija kwake. Miaka kumi na mitano mlango ule haukuwahi kutiwa komeo. Upepo tu ndio uliokuwa ukiupigapiga.

Mwaka huo Mama Vifungo alitaka kuvuna nyanya zake mwenyewe. Za sokoni zilitoka mbali, zikafika zimepondeka. Alikuwa amejaribu miaka miwili mfululizo, miche ikafa yote.

"Safari hii nitaikuza ndani, kwenye joto," alimwambia mumewe. "Tuone nani ataigusa."

Alijaza udongo katika visanduku vitano vya mbao, akatia mbegu, akavipanga chini ya meza ya pasi. Siku ya saba mbegu zikachipua. Baada ya wiki tatu miche ilikuwa mirefu, myembamba, na rangi yake imepauka. Mama Vifungo aliipima kwa utepe. Inchi sita. Akafurahi kweli.

Siku hiyo Taratibu alikuja kuazima mkasi. Aliinama chini ya meza, akaiona miche, akaguna. Kisha akapitisha kiganja juu yake, huku na huku, polepole. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza bila sauti.

"Unafanya nini, wifi?" aliuliza Mama Vifungo.

"Naisalimu tu."

"Miche nayo inasalimiwa?"

"Ikiwa dhaifu, inahitaji salamu."

Akachukua mkasi, akaenda zake. Mama Vifungo alibaki na sindano mkononi, haishoni. Ile midomo ilikuwa inasema nini? Na nani kamwambia miche yake ni dhaifu?

Siku mbili baadaye jua lilitoka vizuri. Mama Vifungo alitoa visanduku vitatu, akavipanga uani, akaviacha huko mpaka kesho yake. Asubuhi alikuta miche ya visanduku viwili imelala chini, imelegea kama uzi uliolowa. Ya kisanduku cha tatu, kile kilichokuwa karibu na mlango wa wifi yake, ilikuwa imesimama wima.

Alimwita mumewe. "Njoo uone. Viwili vimekufa, na hiki cha mlangoni kwake kizima."

"Labda ni baridi," alisema mwashi.

"Baridi inachagua? Ua ni huu huu, baridi ni hii hii. Anayejua kukuza miche anajua na kuiua. Hiki kakibakiza aje akichukue." Alishika kiuno. "Ziba ule mlango."

Mwashi alikung'uta vumbi la saruji mikononi. "Mimi nikijenga, mke wangu, sibomoi. Fikiri mpaka Jumamosi."

Kesho yake alileta matofali arobaini, akayapanga kando ya mlango. Taratibu aliyaona, akayatazama, hakuuliza neno. Hilo nalo Mama Vifungo alilitilia shaka. Mtu asiye na lake angeuliza.

Hata hivyo alitaka ushahidi wa kushika mkononi. Ijumaa jioni alitoa kisanduku cha nne, akakiweka katikati ya ua. Akachukua majivu ya pasi, akayamwaga kukizunguka pande zote, laini kama unga. Hata paka akipita, atajulikana.

Jumamosi asubuhi na mapema alitoka, amejifunga shali. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Miche ilikuwa imelala chini, yote. Akainama atazame majivu. Hakuna unyayo. Hakuna ukucha. Alizunguka mara mbili, akachuchumaa, akatazama tena. Majivu yalikuwa vile vile alivyoyamwaga.

Sasa ikawaje? Alikuwa na kosa mkononi, lakini mkosaji hakuwepo.

Mlango ukalia. Taratibu aliingia mbio, na hakuna aliyewahi kumwona Taratibu akikimbia. Alikuwa na gunia kuukuu mkononi. Alikanyaga majivu yote mpaka kwenye kisanduku.

"Nimechelewa," alisema akihema. "Nimeamka nikaona nyasi nyeupe, nikachungulia, nikaona umekitoa."

"Umechelewa kufanya nini?"

"Kuifunika. Kile cha mlangoni nilikifunika jioni kwa gunia hili, nikalitoa alfajiri nikienda kazini. Vile viwili sikuviweza. Gunia lilikuwa moja tu."

Mama Vifungo alilitazama lile gunia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mwaka jana nilikuambia samadi yako bado mbichi. Ukaninunia wiki mbili."

Ilikuwa kweli, ila zilikuwa wiki tatu.

Hapo mwashi akatokea na mwiko na ndoo ya udongo wa saruji. Hakumtazama mtu. "Jumamosi imefika," alisema. "Nianze?"

Taratibu akatazama matofali, akamtazama kaka yake. Akaelewa. Machozi yakamlengalenga.

"Subiri," alisema Mama Vifungo. "Wifi, nieleze. Kwanza ile midomo."

"Nilikuwa nahesabu. Kitaluni tunapitisha mkono mara ishirini kila siku, taratibu. Nje, upepo huutikisa mche, shina likanenepa. Ndani hakuna upepo, basi tunautikisa wenyewe."

"Na wembamba ule?"

"Chini ya meza kuna joto, lakini kuna giza. Mbegu ikiwa bado udongoni inataka joto. Ikishachomoza, inataka mwanga. Miche yako haikuwa inakua, wifi. Ilikuwa inatafuta dirisha."

Mama Vifungo alikumbuka zile inchi sita alizozifurahia. Aliona aibu.

"Halafu," aliendelea Taratibu, "ukaitoa kwenye pasi, ukaitupa kwenye baridi siku moja. Wewe ukitoka mle bila sweta, utalala uani uamke mzima? Mche unazoeshwa. Siku ya kwanza unautoa kwa saa moja tu, kivulini, kisha unaurudisha ndani. Siku ya pili saa mbili. Unaongeza kidogo kidogo, na jua unaongeza vile vile. Baada ya siku kumi umezoea. Lakini usiupande nje moja kwa moja mpaka nyasi ziache kuwa nyeupe asubuhi. Usiku wa baridi, unafunika."

"Nilikudhania vibaya, wifi," alisema Mama Vifungo. "Vibaya sana. Unisamehe."

"Nimeona. Majivu yote haya hayakumwagwa kwa ajili ya paka." Taratibu akapangusa macho kwa ncha ya gunia, akacheka kidogo.

"Saruji inakauka," alisema mwashi.

"Jenga," alimjibu mkewe. "Lakini si pale."

Alichomoa utepe shingoni, akaenda kwenye ukuta unaopigwa na jua, akapima. Mwashi akajenga boma dogo la matofali, nyuma limeinuka, mbele limeshuka. Juu yake wakaweka dirisha kuukuu la kioo. Mchana ukuta ulishika joto la jua, usiku ukalitoa polepole. Ilikuwa nyumba ya miche.

Taratibu alionyesha mengine. Walitoboa makopo chini ili maji yasituame. Walihamisha miche iliyobaki, ya kisanduku cha mlangoni kilichokuwa kimerudishwa ndani, na ya cha tano ambacho hakikutolewa.

"Shika jani, usishike shina," alisema. "Jani likikatika litaota jingine. Shina likikatika, basi. Na uzike shina mpaka karibu na majani. Sehemu iliyozikwa itatoa mizizi."

Makopo yakakaa kwenye dirisha la chumba cha kazi, si chini ya meza, yakageuzwa kila siku ili miche isiiname upande mmoja. Mama Vifungo aliisalimu kwa mkono, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Hakuacha tabia yake. Kila Jumapili alizungusha uzi kwenye shina, akaupima uzi. Miche haikurefuka sana, lakini kila wiki uzi uliongezeka.

Walizoesha miche siku kumi, wakaihamishia kwenye boma. Baridi ikarudi mara mbili, na nyasi zikawa nyeupe. Mara zote mbili walifunga kioo jioni na kutandika gunia juu yake. Hakuna mche uliokufa.

Nyanya ya kwanza iliiva ikiwa ndogo kama kifungo cha koti. Mama Vifungo aliikata vipande vitatu, na vyote vilikuwa sawasawa, kwa kuwa alivipima. Wakala wamesimama uani.

"Kumebaki matofali mawili," alisema mwashi. "Niyapeleke wapi?"

Mama Vifungo aliinama. Aliyachukua mwenyewe, akaenda kwenye mlango wa ukutani, akausukuma mpaka mwisho. Akayaweka chini, moja juu ya jingine, yakauzuia mlango usijifunge.

"Upepo umezidi siku hizi," alisema.