Kikapu cha Kupandishia Udongo

Kila Jumapili baada ya misa, mzee Quirin husimama ng'ambo ya mto Mosel na kutazama shamba lake. Si yeye peke yake. Nusu ya kijiji husimama pale. Mashamba ya mizabibu yamepanda mlima wima kama ukuta, na kutoka ng'ambo kila kitu kinaonekana. Huwezi kuficha hata gugu moja.

"Hebu lione letu," Quirin alimwambia mkwe wake, Kordula, Jumapili moja. "Safi! Unaweza kuandaa chakula chini ukala."

Kordula alitabasamu, mtoto wake Lioba mapajani. Lioba alipozaliwa, Kordula na mumewe Severin walikataa kupiga tena dawa ya kuua magugu. "Mtoto atatambaa humu," Severin alimwambia baba yake. Quirin alikubali, ila kwa sharti moja: shamba lisiwe aibu machoni pa watu. Basi kazi iliyofanywa na dawa sasa ikafanywa na jembe. Walipalilia mpaka viganja vikaota sugu. Halikubaki jani ila la mzabibu.

Shamba lililopakana na lao lilikuwa la Roswitha. Mama huyo alifanya kilimo hai, yaani bila sumu wala mbolea ya kiwandani, tangu Severin akiwa mwanafunzi. Kati ya mizabibu yake palijaa nyasi na maua.

"Roswitha!" Quirin alimwita siku hiyo, watu wote wasikie. "Jembe lako limeibiwa?"

"Halijaibiwa, Quirin. Limestaafu. Na wewe ungestaafu, mgongo wako ungekushukuru."

Watu wakacheka. Quirin naye akacheka, lakini kidogo.

Siku chache baadaye mvua kubwa ilinyesha. Haikukaa. Ilikatika kahawa ya Kordula ikiwa bado ya moto. Lakini maji yaliyoshuka mlimani yalikuwa mekundu na mazito kama uji. Barabara ya chini ilifunikwa na tope na mawe bapa. Juu, mizizi ya mizabibu ilikuwa nje, mitupu. Mizabibu hiyo ilipandwa na mama yake Quirin.

Quirin aliingia ghalani. Alitoa kikapu cha kubeba mgongoni. Mama yake alikuwa akipandishia udongo kwa kikapu hicho kila majira ya baridi. Huko mlimani ndivyo walivyoishi tangu zamani: mvua inashusha, watu wanapandisha.

Walibeba watatu, kwa zamu. Jioni Quirin alikaa juu ya jiwe, pumzi zinamkimbia.

"Mvua nyingine kama hii," alisema, "na shamba hili naliachia miiba. Sina mgongo mwingine."

Kordula aliweka kikapu chini. Ndilo shamba lao bora. Bila hilo, Severin angekwenda kutafuta kazi mjini, na Lioba asingekulia hapa.

"Labda turudie dawa," Severin alisema polepole. "Jembe linalegeza udongo."

"Dawa nayo inaacha udongo mtupu," sauti ilisema nyuma yao. Ni Roswitha, na ndoo mbili za maji mikononi. "Mliacha sumu, mlifanya vyema. Lakini shamba bado mnaliacha uchi. Quirin, shika ndoo hii. Mwaga hapo kwako."

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja na maji, sikuja na kicheko. Mwaga."

Quirin akamwaga. Maji hayakuzama. Yalikimbia chini na kubeba udongo.

"Sasa hii mwaga kwangu."

Quirin akavuka mpaka, akamwaga juu ya nyasi. Maji yalitulia, yakazama. Machache yaliyotoka chini yalikuwa meupe. Quirin aliinama, akatia kidole kwenye udongo wa jirani yake. Kidole kilizama chote.

"Tone la mvua ni nyundo ndogo," Roswitha alieleza. "Likipiga udongo mtupu, linaupasua, kisha maji yanauzoa. Pakiwa na jani, nyundo inapiga jani. Na chini, mizizi ya nyasi inaukamata udongo kama kiganja."

"Nyasi zitakunywa maji ya mizabibu," Quirin alisema. "Hapa kwenye mawe maji ni machache."

"Hilo ni swali la mkulima. Ndiyo, ukiziacha zirefuke mpaka joto kali, zitakunywa. Mimi kabla ya joto nazilaza. Sizing'oi. Zinakauka zikiwa zimelala, zinakuwa matandazo, na unyevu unabaki chini yake. Karibu na shina napalilia kwa mkono. Na mizabibu michanga naiangalia zaidi, maana mizizi yake bado mifupi."

"Tupande nini, mama?" Kordula aliuliza.

"Mchanganyiko. Shayiri, kwa kuwa mizizi yake inashika sana. Na mimea jamii ya kunde, kwa kuwa inarutubisha udongo. Pandeni baada ya mavuno, kabla ya baridi kali. Kwa sasa tandazeni mabua makavu. Mbegu inataka muda, na mvua haisubiri."

Walitandaza mabua wiki hiyo hiyo. Mavuno yalipokwisha, walipanda. Majira ya baridi yakapita na kikapu kikabaki ghalani. Majira ya kuchipua yalipofika, mlima wao ulivaa kijani, na maua ya zambarau yakachomoza kati ya mizabibu. Lioba alianza kutembea humo humo. Alichuma maua, akayala.

"Meee!" Heribert, mwoka mikate ambaye naye ana mizabibu mlimani, alilia kama mbuzi Jumapili moja ng'ambo ya mto. "Quirin, siku hizi unafuga? Au mkwe wako hajui kushika jembe?"

Neno hilo lilimchoma Quirin. Siku ile supu yake ilipoa mezani.

Msimu wa kufungua baraza la kuuzia mvinyo ulikuwa umekaribia. Katika siku hizo, familia inaning'iniza ufagio wa matawi juu ya lango, na kila mpita njia anajua: hapa leo kuna mvinyo wa nyumbani, mkate na soseji. Kijiji kizima kingekuja, Heribert akiwemo. Wangekaa uani na kutazama mlima.

Asubuhi, siku moja kabla ya wageni, Kordula alisikia jembe linagonga mawe. Alipanda mbio. Alimkuta Quirin analima nyasi, jasho linamtoka. Mistari mitatu ilikuwa tayari mitupu.

"Baba!"

"Niache, mwanangu. Watu wanakutukana wewe."

"Na mimi nimekwambia wananiumiza?"

Quirin alisimama. "Mama yangu alikuwa na shamba safi kuliko yote. Aliubeba udongo huu kwa mgongo wake."

"Najua, baba," Kordula alisema kwa upole. "Nami nauliza tu: baada yako ataubeba nani? Severin? Halafu Lioba?"

Mzee alitazama chini. Lioba alikuwa uani, anavuta kikapu kile kwa kamba. Kikapu kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Alivuta, akaanguka, akavuta tena.

Quirin alikung'uta udongo kwenye jembe. Kisha akaweka jembe begani, akashuka bila kugusa mstari wa nne.

Kesho yake wageni walijaa. Glasi hazijajazwa mara ya pili, wingu jeusi likapanda juu ya mlima. Watu walikimbilia kwenye ghala. Mvua ikapiga kama ile ya mwaka uliopita, au zaidi. Kordula alimkumbatia Lioba na kufumba macho. Quirin alisimama nje langoni, kichwa wazi, maji yanamtiririka.

Mvua ilipokatika, wote walikwenda kutazama. Barabara ya chini ilikuwa na tope sehemu mbili. Moja ilitoka shamba la Heribert. Nyingine ilitoka mistari ile mitatu. Mistari mingine yote ilitoa maji safi tu, na nyasi zililala juu ya udongo kama blanketi.

Severin alitoa pumzi ndefu. "Limebaki," alisema. "Udongo umebaki!"

"Tope hili ni langu," Quirin alisema. "Nilitaka kuwafurahisha watu wa ng'ambo. Nitalipandisha mwenyewe."

"Tutabeba wote," alisema Kordula. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

Heribert alikuna kichwa, akatazama tope lake. "Quirin, rafiki yangu... hizo mbegu mnapata wapi?"

"Kwanza nijibu. Mkwe wangu anajua kushika jembe, au hajui?"

"Anajua."

"Sikusikia. Sema wasikie mpaka ng'ambo."

"Anajua!" Heribert alipaza sauti, na watu wakaangua kicheko. Roswitha alicheka kuliko wote. Kisha akamwambia Heribert aje kesho, na ndoo mbili.

Udongo wa mistari mitatu ulirudi juu kabla ya wiki kuisha. Ukafunikwa na mabua, na baada ya mavuno ukapandwa mbegu. Tangu hapo kikapu hakijapanda mlima. Kimewekwa chini ya dirisha la jikoni, na kuku mmoja mwekundu ameamua kuwa ni chake. Severin alitaka kumfukuza.

"Mwache," Quirin alisema. "Mama yangu angependa kuona kikapu hiki kimepumzika."

Na Lioba, kila asubuhi, anakwenda kuchungulia kama kuna yai.