Kasha la Bastola ya Mlowezi

Kwanza ilikuwa harufu tu. Yunis alikuwa uani anachambua maharage, mchana mweupe, mkono wake wa kulia ukaanza kunuka mafuta ya bunduki. Raheli, mama yake, akausugua kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu. Wapi! Na mtoto hajawahi kukanyaga chumba cha baba yake.

Chumba hicho, jamani! Wanaume wengine wa Lushoto wakipata vijisenti wananunua mbuzi. Kornelio, baba yake Yunis, muuzaji wa duka la ujamaa, alikusanya bastola za kale za walowezi. Tena si bastola peke yake: alitaka kila moja na mfuko wake wa ngozi, kopo lake la mafuta, kijiti chake cha kusafishia, na zaidi ya yote kasha lake la kiwandani. "Bila kasha ni chuma chakavu," alizoea kusema, na majivuno yake yale ya kuudhi. Bastola ya mwisho alipewa na mlowezi aliyekuwa anafungasha kurudi kwao baada ya Azimio la Arusha. Kasha la mbao, karatasi ya kiwanda bado imebandikwa, ndani mahameli nyekundu yenye shimo la umbo la bastola. Alipewa bure. Bure! Wala hakujiuliza.

Baada ya harufu vikafuata vidole. Vilijikunja vyote, cha shahada kikapinda peke yake kama kinachofyatua bastola, na kila ukungu uliposhuka kutoka msituni ukaifunika nyumba, kitu kilisikika chumbani kikizunguka taratibu, tik, tik, na kwa kila mlio kidole cha Yunis kilishtuka, na mama yake alikishika kwa mikono miwili akiomba, akilia, akimtukana mumewe kimoyomoyo, na bado kilishtuka.

"Baba Yunis," Raheli alinong'ona, "twende Mlalo kwa Mzee Abdallah."

"Mganga? Sisi watu wa Kanisa?"

"Mkono wa mwanangu unakufa, wewe unaniletea Kanisa!"

Wakaenda, wakamwamkia shikamoo. Mzee Abdallah aliunusa mkono wa mtoto, asiuguse.

"Nileteeni kila kilichokuja na bastola hiyo," alisema. "Kila kitu, mwanangu, hata uzi. Kikibaki kimoja, jini linabaki nacho, na litachukua linachotaka."

Kornelio alileta gunia: bastola, risasi, kopo, kijiti, mfuko wa ngozi. Mzee akavisomea, akavizika.

"Ndivyo vyote?"

"Ndivyo vyote, mzee," Kornelio alijibu, macho chini. Raheli hakuwahi kuruhusiwa kuingia chumba kile. Angejuaje?

Jioni vidole vikafunguka. Yunis akashika kijiko, akala mwenyewe, na Raheli akalia kwa furaha, akamwita mumewe aje aone.

Hakuja. Alikuwa chumbani anafuta vumbi kasha lake. Kasha tupu lina ubaya gani? Karatasi nzima namna ile angeipata wapi tena? Akafunua kifuniko. Mahameli haikuwa na umbo la bastola tena. Shimo lilikuwa dogo, lenye vidole vitano vilivyonyooka.

Jikoni kijiko kikaanguka.

"Baba Yunis!" Raheli alipiga ukelele. "Baba Yunis, mkono wa mtoto uko wapi?"

Kornelio akafunga kifuniko kwanza, polepole, karatasi isije ikachanika.